Maji yalirudi usiku bomba likiwa wazi, nyumba nzima imelowa. Wakuu nianzie wapi?

Mzee wa Segerea (mleta uzi), Jumapili jioni

Wakuu habari za Jumapili. Naandika nimekalia ndoo iliyogeuzwa maana kochi halikaliki.

Naishi ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga. Maji yalikatika Alhamisi. Ijumaa mchana tukaondoka familia nzima kwenda msibani, kijijini huko Morogoro, mtandao wa kubahatisha. Leo tumerudi saa kumi, nikiwa bado kwenye ngazi nasikia sauti kama ya mvua. Kufungua mlango, maji yananifika vifundoni. Bomba la sinki la jikoni limeachwa wazi, na ndani ya sinki kuna sufuria imeziba tundu. Inaonekana dada wa kazi alifungua kuangalia kama maji yapo, akasahau kufunga. Jirani wa chini anasema kwake yalianza kudondoka jana saa nane usiku.

Hali ilivyo: kapeti limelowa, makochi yamelowa chini, godoro la watoto limekuwa zito kama jiwe, makabati ya jikoni yameanza kuvimba miguuni. Boksi la vyeti na picha za harusi lilikuwa sakafuni. Kwa jirani dari la jipsamu limeshuka kama tumbo, na taa ya sebuleni inadondosha maji.

Bomba nimefunga, nasukuma maji kuelekea bafuni. Naanza na nini? Namuita nani? Na ya jirani analipa nani?

Kibajaji

Pole sana mkuu. Wiki nzima tunayalilia, yakija yanakuja na hasira zote.

Fundi Mchundo

Mleta uzi, umeme umezima? Sizungumzii swichi ya ukutani, nauliza meni swichi. Kama bado, acha kusoma, vaa viatu vya mpira, kazime. Kama swichi yenyewe iko mahali ambapo lazima usimame kwenye maji kuifikia, usiiguse, mpigie fundi umeme au TANESCO wakate kutoka nje.

Mzee wa Segerea

Nimezima, niko na tochi ya simu. Jirani ndiye amegoma kuzima kwake, anasema friji lina nyama ya kipaimara.

Fundi Mchundo

Mwambie aipeleke nyama kwa jirani mwingine. Taa inayodondosha maji maana yake ni kwamba maji yameingia kwenye paipu za waya zilizozikwa ndani ya slabu (zege la sakafu), na zile paipu zinayashusha moja kwa moja mpaka kwenye kichwa cha taa. Nimeshawahi kuitwa nyumba ambayo maji yalikauka sakafuni, lakini soketi ya chumba cha tatu ikaendelea kutoa cheche siku nne baadaye. Kwa hiyo hata yakiisha, umeme usirudi mpaka fundi afungue soketi zote za chini na taa zote za jirani, azikaushe, apime waya.

Lile tumbo la jipsamu usilisubiri. Umeme ukishazimwa, toeni vitu chini yake, weka ndoo, chukua bisibisi, simama pembeni na si chini yake, toboa tundu dogo pale lilipovimba zaidi. Maji yatashuka taratibu. Ukiliacha, bodi iliyojaa maji itakuja yenyewe usiku na fremu yake.

Na piga picha kwanza kabla ya kutoboa. Video pia. Kila chumba, kila kona, kwako na kwake.

Mbeba Boksi

Mkuu pole. Hii ndiyo kazi ninayoifanya hapa Houston, mwaka wa saba sasa. Februari 2021 Texas ilipopigwa na baridi kali, umeme ukakatika, mabomba yakaganda na kupasuka majumbani. Tulilala kwenye gari la kazi wiki mbili. Wengi wa tuliowakuta walikuwa wameshafanya kosa lilelile: walifuta maji ya kuonekana, wakawasha feni, wakaona wamemaliza.

Kwanza jua una maji ya aina gani. Yako yametoka bombani, ni masafi, una bahati. Maji ya mashine ya kufulia au ya kuogea yana uchafu wake. Maji ya chemba na ya mafuriko ya mtaani hesabu ni choo, bila kujali yanaonekanaje. Ila hata yako, kadiri yanavyokaa kwenye kapeti na godoro ndivyo yanavyoharibika, kwa hiyo usafi wake usiuhesabie siku nyingi.

Pili, muda. Ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 mpaka 48 kwenye kitu kilicholowa. Wewe yamemwagika tangu jana usiku. Maana yake usiku huu unafanya kazi, hulali.

Tatu, ondoa maji yakiwa bado maji. Lita moja utakayoikamua leo kwa dekio ni lita ambayo hutahangaika kuigeuza mvuke wiki nzima. Tafuta mtu mwenye mashine ya kunyonya maji, ile ya waosha makapeti na makochi, ipo Dar. Kapeti likunje litoke nje leo. Godoro la sponji la watoto, kama ni zito hivyo, agana nalo. Kochi vua mifuniko, nyanyua miguu juu ya vipande vya tofali, na weka nailoni kati ya mguu na tofali, rangi ya mbao isije ikaingia sakafuni ukapata doa la maisha.

Makabati: kama ni mninga au mkongo, fungua milango, toa vyombo, yakauke polepole kivulini, yatapona. Kama ni yale ya unga wa mbao uliogandishwa, kilichovimba hakirudi.

Mama Pacha

Vyeti jamani, vyeti! Kaka usivianike juani wala usivipige pasi. Vitenganishe kimoja kimoja kama vinaachana vyenyewe, laza juu ya taulo jeupe au karatasi nyeupe inayonyonya, badilisha kila baada ya saa moja. Vilivyoganda pamoja usivibandue kwa nguvu. Tia kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye friza ya mtu, hata mwezi vikae. Ubaridi unasimamisha ukungu na wino kuenea, halafu utavikausha kidogo kidogo ukitulia. Nilifanya kazi masjala, hivi ndivyo tulivyofundishwa. Picha za harusi hivyohivyo, ila zile zilizolowa zikagusana uso kwa uso usizisubirishe mpaka zikakauka hivyo zilivyo, hazitaachana tena.

Vyeti vilivyofungwa kwenye plastiki ya moto angalia pembeni, maji yakiingia mle hayana pa kutokea.

Mzee wa Segerea, Jumatatu alfajiri

Asanteni sana. Tumekesha mimi, wife na vijana wawili wa bodaboda. Sakafu haina maji tena. Vyeti viko kwenye friza la shemeji Kinyerezi pamoja na samaki. Jirani amezima, dari limetobolewa, zimetoka ndoo tatu.

Sasa nimefungua madirisha yote na kuwasha feni mbili kwa waya kutoka kwa jirani wa juu. Nadhani mpaka Jumatano itakuwa imekauka. Kuna mzee mmoja hapa mtaani ameniambia niwashe majiko mawili ya mkaa sebuleni nifunge milango, itakauka usiku mmoja.

Fundi Mchundo

JIKO LA MKAA USIWASHE. Sijawahi kuandika kwa herufi kubwa humu jukwaani, leo nimeandika. Ile hewa ya mkaa haina harufu na haikuamshi. Mtakuta familia imelala jumla.

Mbeba Boksi

Namuunga mkono fundi, na niongeze hili la madirisha maana ndipo wengi tunapokosea. Aprili, masika, Dar. Hewa ya nje yenyewe imeshiba maji. Ukifungua dirisha saa moja asubuhi mvua ikinyesha unaingiza unyevu, hutoi. Feni peke yake kwenye chumba cha namna hiyo inahamisha maji kutoka sakafuni kwenda kwenye nguo za kabatini na mgongo wa picha ukutani. Ndiyo maana watu hukuta ukungu kwenye viatu ambavyo havikuguswa na maji.

Hesabu iko hivi: feni inatoa maji ukutani kuyatia hewani, halafu lazima kuwe na kitu cha kuyatoa hewani. Sisi tunatumia mashine za kunyonya unyevu, moja kubwa inajaza ndoo kadhaa kwa siku. Wewe una kiyoyozi? Kiweke kwenye alama ya tone la maji, ile ya kukausha. Funga madirisha ya chumba hicho, washa feni ikipuliza kandokando ya ukuta, si katikati ya chumba. Mpira wa maji ya kiyoyozi uelekeze kwenye ndoo, pima kila asubuhi. Siku za mwanzo ndoo itajaa. Ikianza kupungua siku hadi siku huku hali ya hewa ni ileile, ndiyo habari njema yako.

Chumba kisicho na kiyoyozi: fungua kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana kukiwa na jua na upepo, funga jioni. Usiku funga.

Umeme wa hivi vyote utoke kwenye laini iliyopimwa, si waya mmoja kutoka kwa jirani wa juu uliopita juu ya sakafu yenye unyevu. Hapo umenitisha kidogo.

Kiboko ya Brashi

Wakuu mnamzungusha tu. Bro nicheki inbox, kuna rangi ya kuzuia maji, tunapiga mikono miwili ukuta wote pamoja na kuskimu, siku mbili unahamia. Nimefanya Mbezi, Goba, Kimara, hakuna aliyelalamika.

Fundi Mchundo

Hawajalalamika kwa sababu ulishabadilisha namba, hawakupati. Ukuta wa saruji umelowa kwa ndani, wewe unaufunika na plastiki kwa nje. Maji yaliyomo yatakwenda wapi? Yatasukuma rangi, itavimba kama malengelenge, ikifika mwezi wa pili tangu upake inabanduka na skimu yake.

Kiboko ya Brashi

Wivu wa kazi.

Mtoto wa Mkunazini

Niseme neno ndugu zangu, japo nyumba zetu za Mji Mkongwe ni za aina nyengine. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Zinakunywa maji wakati wa mvua na zinayapumua wakati wa jua, miaka na miaka. Zilikuja kuharibika nyingi pale watu walipoanza kuzipiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta ili zipendeze. Saruji inazuia ukuta kupumua, unyevu unabaki ndani, chumvi inachanua, chokaa ya ndani inageuka unga, kisha siku moja kipande kizima kinaanguka na saruji yake ikiwa nzima kabisa kama gamba la kasa. Nyumba ya ami yangu ilikuwa hivyo.

Ya kaka hapa ni tofali za saruji, haziwi unga namna hiyo. Lakini maji hayana kabila, yakizibiwa njia moja hutafuta nyengine. Msimzibie ukuta.

Jirani wa Kaskazini

Poleni kutoka Nairobi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalinipata ground, South C, na yangu hayakuwa maji ya mfereji. Shimo la maji taka nje ya geti lilirudisha kila kitu. Nawaambia hivi kwa sababu kuna mtu atausoma uzi huu akiwa na maji ya aina hiyo, na ushauri wa kuokoa kapeti utamponza.

Stima tulizima, watoto wakapelekwa kwa nyanya yao. Tukavaa gambuti na glavu nzito. Godoro, mito, kapeti, sofa, vitabu vya watoto, unga, mchele, hata soda za chupa zenye kizibo, vyote nje. Mke wangu alilia sana kwa sofa. Kitu laini kilichokunywa maji ya choo hakioshwi, kinatupwa. Sahani, sufuria, meza ya glasi, hivyo vinaoshwa.

Kosa nililofanya ni kumwaga Jik (dawa ya klorini) juu ya tope. Haifanyi kazi juu ya uchafu. Unaosha kwanza kwa sabuni na maji mpaka ukuta unaonekana, ndipo unapitisha dawa, kikombe kimoja cha Jik kwa lita nne hivi za maji, madirisha wazi. Na usichanganye kamwe na ile asidi ya kusafishia choo. Caretaker wetu alichanganya bafuni, akatoka anakohoa machozi yakimtoka, tukamkimbiza hospitali.

Mama Pacha

Kaka wa Segerea, watoto wako wana pumu yeyote? Wangu mmoja anayo, na ukungu ulimlaza mara mbili kabla hatujajua unatoka nyuma ya kabati. Ukiona madoa meusi au ya kijani, usiyapige brashi yakiwa makavu, yanapeperuka nyumba nzima. Vaa barakoa, lowesha kwanza, futa kwa sabuni, kitambaa ukitupe.

Mbeba Boksi

Sahihi dada. Mamlaka ya mazingira ya hapa Marekani inasema eneo dogo, chini ya futi 10 za mraba, ambayo ni kama mita moja kwa mita moja, mtu anaweza kusafisha mwenyewe. Zaidi ya hapo au kukiwa na mgonjwa wa pumu, ita wenye vifaa. Na jipsamu ikishaota ukungu haifutwi, inakatwa. Ukungu uko ndani ya karatasi yake.

Mzee wa Segerea, Alhamisi

Mrejesho wakuu.

Nimeita kampuni moja ya usafi, jina naliacha. Wamekuja vijana watatu na sare nzuri. Wakazunguka, wakanipa bei ya milioni moja na laki nane: kupuliza dawa ya ukungu nyumba nzima, kupaka rangi, kuosha makochi. Nikawauliza alichonifundisha Mbeba Boksi faragha: mnapimaje kama ukuta umekauka? Wakaangaliana. Mkubwa wao akaweka kiganja ukutani akasema huu umekauka boss.

Nikawashukuru. Nimewapa kazi moja tu, kunyonya makochi na kapeti kwa mashine yao, na hiyo wameifanya vizuri sana, sina cha kusema.

Kiyoyozi cha chumbani Jumatatu kilitoa ndoo mbili za lita kumi, jana moja na nusu. Sebule haina kiyoyozi, nafungua mchana. Ila kuna harufu ya uvundo inatoka chini karibu na jikoni na siioni inatoka wapi.

Fundi Mchundo

Chukua shilingi mia mbili ya chuma, piga goti, gongagonga tailizi moja baada ya nyingine kutoka jikoni kuja sebuleni. Zilizoshika zinatoa sauti nzito. Zenye uwazi chini zinalia tupu, kama kugonga debe. Weka alama kwa chaki zote zinazolia.

Mafundi wengi wanalaza tailizi juu ya mchanga uliochanganywa saruji kidogo. Maji yakipenya kwenye viungo yanaingia mle yanatembea kama mtoni, unaweza kumwaga jikoni yakatulia chini ya mlango wa chumbani. Na skatingi za ukutani ng'oa zote za sebuleni na jikoni. Nyuma yake ndiko kunakonuka, naweka dau soda moja.

Mzee wa Segerea

Fundi unanidai soda. Nyuma ya skatingi ya jikoni kuna ukungu mweusi, kama mita mbili kwa urefu. Tailizi zinazolia ni kumi na nne.

Fundi Mchundo

Usizing'oe zote kumi na nne. Ondoa kwanza mbili, iliyo chini kabisa ya mteremko na iliyo karibu na jikoni, mchanga upumue, elekeza feni pale. Baada ya wiki mbili gonga tena, angalia mchanga. Ukikauka na nyingine zimeshika pembeni, unaweza kuziacha.

Bima Siyo Dhambi

Nachelewa kwenye uzi lakini niongee la pesa. Mleta uzi, una bima ya vitu vya ndani? Wapangaji wengi wanafikiri bima ya mwenye nyumba inawahusu. Ile ni ya jengo. Kochi lako na televisheni ya jirani haimo.

Kwa walio nayo: maji ya bomba lililopasuka au yaliyofurika ghafla kwa kawaida yamo. Bomba lililokuwa linavuja kidogo kidogo miezi sita ukiliona na ukalinyamazia, halimo. Nyumba iliyoachwa bila mtu muda mrefu ina masharti yake, soma mkataba uone ni siku ngapi. Toa taarifa siku ileile, hata kwa simu, kisha andika. Usikae na maji ukisema unamsubiri mkadiria hasara, mkataba wenyewe unakutaka upunguze hasara. Unachotakiwa ni kupiga picha, kuandika orodha, kutunza risiti za dekio mpaka za mashine, na kabla ya kutupa kapeti kata kipande cha ukubwa wa kiganja ukihifadhi.

Wakikuzungusha, TIRA (mamlaka inayosimamia bima) wapo, na kuna ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima ambayo watu hawaitumii.

Mzee wa Segerea

Sina bima ndugu yangu. Ndiyo kwanza nasikia mpangaji anaweza kukata.

Suala la jirani limekuwa gumu. Amenipa orodha: bodi sita za jipsamu, taa, rangi, televisheni na "usumbufu". Mwenye nyumba anasema yeye hahusiki maana bomba halikuwa bovu. Nilifikiria kumkata dada wa kazi mshahara kidogo kidogo.

Mama Pacha

Kaka, hapo nisimame kidogo. Umesema maji yalikatika Alhamisi na mmeondoka Ijumaa mchana. Dada naye alikwenda msibani nanyi? Nani alikuwa wa mwisho kutoka?

Kibajaji

Nimekaa mkao wa kula.

Mzee wa Segerea, Ijumaa usiku

Sikulala vizuri na swali la dada hapo juu. Wa mwisho kutoka nilikuwa mimi. Walishashuka kwenye gari, nikarudi kuchukua chaja, nikapita jikoni nikafungua bomba nijue kama nijaze ndoo. Hakikutoka kitu, honi ikapigwa, nikatoka. Nimemwambia wife leo. Dada nimemuomba radhi, akacheka tu, akasema alijua tangu siku ya kwanza kwa sababu bomba lile yeye huwa analielekeza upande wa kushoto.

Mama Pacha

Umefanya la kiungwana.

Bima Siyo Dhambi

Basi la jirani limenyooka. Bomba uliliacha wewe, dari na taa zake ni zako kuzitengeneza. "Usumbufu" mnazungumza kama watu wazima. Televisheni ipelekwe kwa fundi, aandike kama imekufa kwa maji. Mkikubaliana andikeni karatasi, mjumbe ashuhudie, kila mmoja asaini. Na mwenye nyumba asijitoe kirahisi: slabu, nyaya za ndani na kuta ni mali yake, angalau fundi umeme wa kupima alipe yeye. Muulize pia kama ana bima ya jengo.

Mbeba Boksi

Kuhusu kujua umekauka lini. Kuna vipimaunyevu vidogo vya pini mbili, vinauzwa hata kwenye maduka ya vifaa Kariakoo ukiuliza sana. Vimetengenezwa kwa ajili ya mbao, kwenye saruji namba yake usiichukulie kama ilivyo. Unakwenda kwenye ukuta ambao haukuguswa na maji, labda wa chumba cha mwisho, unapima, hiyo ndiyo namba yako ya kulinganishia. Ukuta wa jikoni ukifika hapo, tayari.

Huna kifaa? Kata nailoni inayopitisha mwanga, upana wa nusu mita kila upande, bandika ukutani kwa selotepu pembe zote nne isiingize hewa, acha siku moja na usiku wake. Ukibandua ukakuta matone kwa ndani au ukuta umekuwa mweusi zaidi, bado.

Na usitarajie wiki. Saruji tunaihesabia kama inchi moja ya unene kwa mwezi, ikiwa hewa ni nzuri.

Fundi Mchundo

Kwa hiyo rangi subiri kipupwe. Juni kusi likishika, hewa kavu, kuta zinajikausha zenyewe bila ya LUKU kulia. Chumvi nyeupe itatoka ukutani kama majivu, usiogope, ni maji yanatoka nayo. Ipige brashi kavu, ifute, usiioshe kwa maji maana utairudisha ndani.

Kiboko ya Brashi

Mimi Juni nipo.

Mzee wa Segerea, wiki ya sita

Mrejesho wa mwisho mwisho.

Fundi umeme amekuja mara mbili, mwenye nyumba kalipa moja. Soketi mbili za jikoni zilikuwa na kutu ndani, zimebadilishwa. Dari la jirani nimenunua bodi sita, yeye kalipa ufundi baada ya televisheni kuwaka yenyewe siku ya tisa. Tumeandikiana kwa mjumbe. "Usumbufu" umelipwa kwa mbuzi wa kipaimara.

Makabati ya chini jikoni yamekwenda, nimeweka vibao vya mninga vya fundi wa Keko, bila mgongo ili ukuta uonekane. Vyeti vyote vimepona isipokuwa cha ubatizo cha mkubwa, wino umetembea. Picha za harusi nusu. Wife anasema zilizobaki ni zile alizopendeza, mimi nimenyamaza.

Nimefunga koki mlangoni kabisa kwangu, ndani, inayokata maji ya nyumba nzima. Tukitoka zaidi ya saa moja dada anaifunga, na ameninyima ruhusa ya kuigusa.

Nailoni: sebule kavu, korido kavu. Ukuta wa jikoni nimeibandua jana, matone manne.

Fundi Mchundo

Skatingi ya jikoni usirudishe.

Mzee wa Segerea

Sijarudisha. Nimeibandika nailoni nyingine leo asubuhi.